Prado ya petroli inakwenda kilomita 4 kwa lita: niitengeneze, niweke injini ya dizeli au niuze?

Saumu96
Habari za jioni wakuu. Nina Prado ya zamani, huu mwaka wa tatu. Haijawahi kunilaza njiani, ila mafuta inayokunywa sasa yanamaliza faida yote ya biashara. Kilomita 4 kwa lita, na kuna wiki haifiki hapo. Fundi wangu anasema dawa ni kutoa injini hii, tuweke 1KZ ya dizeli pamoja na gia boksi yake, kazi nzima milioni 7.5. Shemeji yangu anasema niuze nichukue gari dogo. Ijumaa natakiwa nimpe fundi malipo ya awali. Mliopitia njia hii, ipi bora? Natanguliza shukrani.

Damu ya Dizeli
Weka dizeli mkuu, utalala usingizi. Nina 1KZ mwaka wa sita, napata kilomita 9 mpaka 10 kwa lita, na mlimani inapanda bila kulalamika. Gari la kazi ni dizeli.

Gesi Kwanza
Mbona hakuna aliyetaja gesi asilia? Funga mfumo wa gesi, injini yako ya petroli inabaki pale pale. Mimi nipo Dar, nimefungiwa mtungi nyuma na sijutii. Gharama ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo milioni 7.5.

Boneti Wazi
Saumu96, maelezo hayatoshi ndugu yangu. Prado za umbo hilo zilikuja na injini ya 3RZ ya lita 2.7, na 5VZ ya V6 yenye lita 3.4, na hazili mafuta sawa. Yako ipi? Oto au manyuali? Umefunga tairi saizi gani? Hiyo 4 umeipimaje, kwa kujaza tenki mara mbili au kwa kuangalia mshale wa mafuta? Unaendesha maeneo gani? Na mshale wa joto unakaa wapi ukiwa barabarani? Bila majibu hayo kila mtu hapa atakutibu ugonjwa wake mwenyewe.

Vitara ya Babu
Sikiliza shemeji yako. Suzuki Escudo ina chesisi, ina 4WD yenye gia nzito, na inakula nusu ya hiyo Prado. Mzee wangu alikuwa nayo, imezunguka Usambara yote.

Saumu96
Samahani wakuu, niliandika haraka. Ni VZJ95 ya 1998, V6 ya 3.4, oto. Nipo Mbulu, nabeba vitunguu saumu, nashuka Magara mpaka Mbuyu wa Mjerumani halafu Babati au Arusha. Kwa mwezi kama kilomita 1,200. Nilijaza tenki mpaka juu, nikatembea kilomita 268, nikajaza tena pampu ile ile, zikaingia lita 67. Tairi ni 285/75R16, nilizikuta nazo. Mshale wa joto uko chini ya nusu siku zote, hata nikipanda na mzigo, kwa hiyo upande wa kuchemsha sina wasiwasi kabisa.

@Gesi Kwanza, huku kwetu hakuna kituo cha gesi kaka.

Gesi Kwanza
Basi kwako haifai kwa sasa. Kuifuata gesi Dar ni kuchoma mafuta yote uliyotaka kuokoa.

Mkokotoo
Naomba nianze na tairi. Saizi ya kiwandani ya gari hilo ni 265/70R16, kipenyo chake ni kama milimita 777. Zako zina kama milimita 834. Kila tairi ikizunguka mara moja, gari linasogea mbali zaidi kuliko mita ya kilomita kwenye dashibodi inavyodhani, tofauti ya takriban asilimia 7. Kwa hiyo zile kilomita 268 zilikuwa kama 287, na ulaji wako halisi ni karibu 4.3. Bado ni mbaya sana, V6 hiyo ikiwa nzima barabarani inatoa 7 hivi. Ila tuanze na namba sahihi.

Sasa pesa. Chukua lita kwa shilingi 3,000 kurahisisha hesabu. Kwa kilomita 1,200 ukiwa na 4 unatumia lita 300 kwa mwezi. Dizeli ikitoa 9 utatumia lita 133. Unaokoa kama laki 5 kwa mwezi, milioni 7.5 inarudi kwa miezi 15. Ndiyo maana fundi anakushawishi kirahisi. Lakini petroli hiyo hiyo ikirudi kwenye 7 utatumia lita 171, na dizeli itakuokolea lita 38 tu, yaani laki 1 na kidogo. Hapo pesa ya injini inarudi baada ya miaka mitano na ushee. Usilinganishe injini mgonjwa na injini nzima.

Damu ya Dizeli
Hesabu za kwenye karatasi hizo. Kuna nguvu ya dizeli ya kuvuta kwenye mzunguko mdogo ambayo hujaipigia hesabu. Na asipotaka 1KZ aweke 1HZ, haina kompyuta.

Boneti Wazi
1HZ ni silinda sita za mstari, 4.2, ya Land Cruiser za 70, 80 na 105. Kuibana kwenye boneti ya Prado ni kazi ya kukata na kuchomelea. Tusimpeleke mwenzetu huko.

Saumu96, umesema jambo kubwa bila kujua. Mshale wa joto kukaa chini ya nusu siku zote si habari njema. Mafundi wengi huku kwetu, gari likichemsha mara moja tu, wanatoa themostati, kile kilango cha maji ya injini, na kuitupa. Kweli halichemshi tena, lakini injini haifiki joto lake la kazi. Themostati inatakiwa ibaki imefunga mpaka maji yafike kama nyuzi 82. Isipokuwepo maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na kwa baridi ya Mbulu hali inakuwa mbaya zaidi. Sensa ya joto inaiambia kompyuta injini ni ya baridi, kompyuta nayo inaongeza petroli kama asubuhi ya kuamka. Na kwenye oto kuna la pili: maji yakiwa ya baridi kompyuta inazuia gia ya juu. Hujawahi kuhisi kwenye lami kama gia moja imebaki nyuma?

Fanya hivi kabla ya Ijumaa. Fungua plagi mbili tatu uangalie rangi, masizi meusi maana yake petroli imezidi. Fungua nyumba ya themostati uone kama ipo. Halafu tembea kilomita 10 bila kukanyaga breki sana, simama tambarare, gusa rimu zote nne, yenye moto kuliko wenzake breki yake inashika. Na kwenye kile kiboksi cha kupimia ndani ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, washa swichi bila kuwasha injini, hesabu taa ya injini inavyokonyeza. 21 ni sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji.

Mama Wawili
Kaka Saumu96, niliyofanyiwa nayaandika kwa urefu ili uyasome kabla hujatoa pesa.

Yangu ilikuwa 2.7. Nikaambiwa maneno hayo hayo, weka 1KZ utapumzika. Nikaweka. Wiki tatu za kwanza nilifurahi kweli. Mwezi wa pili natoka Morogoro kwenda Iringa, nina watoto wawili nyuma. Tunapanda Kitonga nyuma ya lori, mwendo wa polepole, jua kali. Mshale ukaanza kupanda. Nikazima kiyoyozi, nikawasha hita, watoto wanalia joto. Nikapata pa kusimama. Kwenye chupa ya maji ya akiba mapovu yanatoka kama uji unaochemka, na harufu tamu ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, imejaa gari zima. Tulikaa pale mpaka jioni. Silinda hedi ilikuwa imepasuka kati ya valvu, na baadaye nikaambiwa ni ugonjwa unaojulikana wa 1KZ ikichemsha, hedi yake ni aluminiamu. Aliyeniwekea injini aliacha rejeta ile ile ya petroli, na feni haikuwa yake. Hakuniambia.

Hedi mpya, gasketi, kuvutwa mpaka Iringa, fundi mwingine. Sitaji jumla, inaniuma mpaka leo. Halafu nilipotaka kuuza, mnunuzi akafungua kadi: imeandikwa petroli na namba ya injini ya zamani. Akafunga kadi, akaondoka. Ikabidi nianze kufuatilia mabadiliko upya, jambo ambalo lilitakiwa kufanyika siku ile ile ya kubadili injini.

Siisemi vibaya dizeli. Muulize fundi wako rejeta ipi, feni ipi, na kadi nani atashughulikia. Akisitasita, usimpe hata shilingi.

Damu ya Dizeli
Pole sana dada. Hiyo ni kazi mbovu, si kosa la injini. Mimi mlima nashuka kwa nyutro kabisa, injini inapumzika, na mafuta naokoa.

Boneti Wazi
Hapana mkuu, tafadhali usimshauri mtu anayeshuka Magara na mzigo aweke nyutro. Ukiachia mafuta ukiwa ndani ya gia, kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na sailensa, yaani ule wa gari likiwa limesimama linanguruma tu. Ukiweka nyutro ndipo inaanza tena kumwaga ili injini isizime. Huokoi kitu, na breki zote unaziachia uzito wa gari. Teremka na gia ya 2 au L. Watu wanakufa kwa hili.

Vitara ya Babu
Hapo nakuunga mkono. Babu alikuwa anatushusha tutembee kwa miguu kuliko kuweka nyutro.

Saumu96
Wakuu nimerudi. Plagi ni nyeusi tii, masizi makavu kama chini ya sufuria ya kuni, nimefuta kwa kidole yakabaki kidoleni. Nyumba ya themostati ni tupu. Kipete cha mpira kipo, themostati haipo. Rimu ya mbele kushoto sikuweza kuishika, hizo tatu ni vuguvugu. Taa imekonyeza mbili, ikatulia, ikakonyeza moja, inarudia hivyo hivyo. Na ni kweli, kwenye lami ya Babati injini huwa inalia juu, nilidhani ni V6 ndivyo zilivyo.

Fundi nimempigia simu, nikamwambia Ijumaa tusogeze. Hakufurahi. Anasema themostati ni kifaa cha nchi za baridi.

Boneti Wazi
Mbulu ni nchi ya baridi. Weka themostati halisi, na kile kitundu chenye kipini kinachocheza kielekee juu. Kalipa ya breki ya mbele kushoto ifunguliwe, pistoni zake zimekwama. Sensa ya oksijeni badilisha mwishoni, baada ya kupima waya wake. Kimoja kimoja, na kila baada ya kimoja ujaze tenki upime.

Mkokotoo
Na kila kilomita zidisha kwa 1.07 mpaka utakapobadilisha tairi.

Damu ya Dizeli
Zikifika 6 uje utuambie. Mimi bado nasema dizeli.

Mtoto wa Pajero
Wakuu samahani kwa kuingilia uzi. Pajero io yangu nayo inakula sana, nifanyeje?

Boneti Wazi
Mshale wa joto unakaa wapi?