Tupeane uzoefu: ujumbe wa siri unaopita mbele ya macho ya watu

Mwenye mada: Wakubwa shikamooni. Siongelei nywila wala barua za kubandikwa gundi. Naongelea ujumbe ulioanikwa hadharani, wote wanauona, anayeuelewa ni mlengwa tu.

Naanza mimi. Nina duka la viatu hapa Kampala. Kila kiatu kina kikaratasi chenye herufi, na hiyo ndiyo bei niliyonunulia. Neno letu lilikuwa MWISHO KULE: herufi kumi, hakuna inayojirudia. M ni 1, W ni 2, hadi L ambayo ni 9, na E ni sifuri. Elfu hatuandiki. Kiatu cha 45,000 kikawa SH, na wateja wakadhani ni kifupi cha shilingi! Kijana wangu akibanwa na mteja anatupia jicho pale, anajua asishuke chini ya hapo. Neno tumeshabadilisha, msije kunisomea stoo. Haya, leteni.

Binti Kibuli: Kwetu ni leso, yaani khanga zenye maandishi. Bi mkubwa na bi mdogo, ua mmoja, hujasikia wakitukanana. Bi mdogo kanunuliwa cherehani, kesho yake katoka kuanika nguo kajifunga "Hasidi hana sababu". Jioni bi mkubwa akapita na yake: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Mzee kakaa barazani anakunywa chai, anaona maua tu. Na ukimuuliza mwenyewe, atakwambia leso aliikuta sokoni imeshaandikwa. Utamshitaki nani?

Dereva Malaba: Sisi ni taa. Gari linalotoka mbele likikuwashia mchana, punguza mwendo, trafiki wapo.

Konda mstaafu: Hiyo siri gani, mzee? Trafiki mwenyewe akiwa kwenye gari lake anawashiwa, na anapunguza.

Dereva Malaba: 😂 Kweli.

Mjukuu wa mpiga ngoma: Nyie mmechelewa. Buganda kila ukoo una mubala wake, mdundo wenye maneno ndani. Luganda inapanda na kushuka kwa toni, kwa hiyo ngoma inaweza kuyafuata maneno. Mgeni anacheza, mwenye ukoo anasikia akiitwa. Gwanga mujje, ile ya kukusanya watu, haihitaji tafsiri hata kwa mtoto. Kwa Kiswahili sidhani ingefaa, toni hatuna.

Afande wa zamani: Jeremiah Denton, rubani Mmarekani aliyetekwa Vietnam. Mwaka 1966 waliomteka walimweka mbele ya kamera aseme anatunzwa vizuri. Mdomo ukasema hayo, macho yakapepesa neno "mateso" kwa Morse, yaani kila herufi ina mpangilio wake wa alama fupi na ndefu. Waliomshika hawakushtuka. Mimi nilifundishwa Morse, na nawaambieni kupepesa huku unajibu maswali si mchezo.

Mama Boda: Sisi ni kubipu. Mlio mmoja nimefika, miwili njoo unichukue. Hela haikatwi.

Fundi kompyuta: Picha. Kila nukta ya rangi ni namba, ukibadilisha biti ya mwisho, yaani ile 0 au 1 ya mwishoni mwa namba hiyo, jicho halitambui. Ukikusanya biti hizo unapata barua nzima. Ila usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na ujumbe unaharibika. Itume kama dokumenti.

Binti Kibuli: Nichukue picha yoyote ya mtandaoni?

Fundi kompyuta: Hapana, dada. Atakayeipata ile ya asili atazilinganisha. Piga yako mwenyewe, ficha ujumbe, halafu ya kwanza ifute.