Naomba ushauri: mitambo ya upepo jirani na kwangu huku England

Wakuu, habari zenu. Naishi kijijini huku England, na kampuni moja inataka kusimamisha mitambo ya upepo ya megawati 60 kwenye shamba la jirani. Tangu 2015 masharti yalikuwa magumu mno, pingamizi za watu wachache tu ziliweza kuua mradi. Julai 2024 serikali mpya ikayaondoa. Miradi inayozidi megawati 100 ndiyo inayopelekwa kwa waziri, kwa hiyo huu wetu utaamuliwa na halmashauri, au nakosea? Umeme safi siupingi (bili zenyewe tunazijua), ila kelele za usiku zinanitia hofu. Mliowahi kupeleka maoni, hoja gani husikilizwa kweli? Nimebakiza wiki mbili tu.