Naomba ushauri: nirefushe mkopo au nikaze hivi hivi?

Habari wakuu. Nimebakiza miezi 24 kumaliza mkopo, riba asilimia 18 kwa mwaka, inapigwa kwenye salio linalopungua. Sasa nimepewa nafasi ya kuusogeza hadi miezi 48. Nimepiga hesabu: kwa kila 100 ninayodaiwa, rejesho la mwezi linashuka kutoka karibu 5 hadi 3, ila riba yote inapanda kutoka 20 hadi 41. Mara mbili! Afisa mikopo hilo hakuligusa, alisifia unafuu tu.

Lakini kwa hali ilivyo, mshahara unakata kabla ya tarehe 15. Nikikubali, halafu niwe naongezea kidogo nikipata, inasaidia kweli? Na kile kipengele cha faini ya kulipa mapema, mliopitia huwa kinajadilika kabla ya kusaini?