MREJESHO: Giaboksi ndogo niliyoichapa kwa printa ya 3D sasa inazunguka

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini giaboksi yangu ya maonyesho, yenye gia za sayari (gia ndogo zinazoizunguka gia ya katikati) zinazochapwa zikiwa tayari ndani ya ringi yenye meno, inatoka imegandana. Nafasi kati ya meno nimeipandisha kutoka milimita 0.15 hadi 0.3. Ila kilichomaliza kazi ni ule ushauri wa kukata mshazari ukingo wa chini: tabaka la kwanza la PLA (plastiki ya kuchapia) hukandamizwa kwenye kitanda cha printa, likatanuka na kumshika jirani. Ilipopoa nikaisokota kwa bisibisi, ikalia "tak!", ikaachia. Aliyeshauri nibadilishe meno yenye umbo la V: sibadilishi ng'o. Gia za namna hiyo huwezi kuzisukumia ndani ya ringi nzima, lazima zizaliwe humo humo. Aliyeshauri grisi: bado, inazunguka kavu.