Kompyuta inamaliza bando kupitia hotspoti ya simu

Mwalimu wa Zamu
Habari zenu wanajukwaa. Kila mwisho wa muhula huandaa ripoti za wanafunzi nikiwa nyumbani, kwa kuwasha hotspoti ya simu yangu ya Android na kuiunganisha na kompyuta mpakato yenye Windows 10. Jumamosi iliyopita niliweka bando la GB 2, nikafungua barua pepe na kupakua jedwali moja la alama, na chai yangu ikiwa bado haijapoa, ujumbe ukaingia kwamba bando limekwisha, ilhali kwenye simu peke yake kiasi hicho hunitosha siku 4. Isitoshe, tangu nibadilishe simu, kompyuta kuukuu ya ofisini haioni kabisa jina la hotspoti yangu, ingawa simu za wenzangu zinaliona. Naombeni msaada.

Fundi wa Usiku
Ndugu mleta mada, usimlaumu mtoa huduma kabla hujaikagua kompyuta yako. Kwa Windows, hotspoti ni Wi-Fi kama nyingine yoyote, kwa hiyo wakati wewe unasoma barua pepe, chinichini hupakuliwa masasisho, na programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni hupandisha chochote zinachokikuta. Fungua mipangilio ya mtandao, chagua jina la hotspoti yako, ingia kwenye sifa zake, kisha uwashe swichi iliyoandikwa "Set as metered connection", yaani mtandao unaolipiwa kwa kipimo. Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho, na programu zinazotii swichi hiyo zitasubiri. Kivinjari hakimo: video inayojicheza yenyewe itaendelea kula bando kama kawaida. Katika mipangilio hiyohiyo ipo orodha inayoonyesha kila programu imetumia kiasi gani, anzia hapo.

Pwani Moja
Suala la kompyuta ya ofisini ni la masafa ya mawimbi ya Wi-Fi. Simu mpya huenda inarusha kwa 5 GHz, na kadi za Wi-Fi za kompyuta nyingi za zamani hupokea 2.4 GHz tu, hivyo kwao jina hilo ni kama halipo. Kwenye mipangilio ya hotspoti chagua 2.4 GHz, kasi itapungua, lakini kwa jedwali la alama hutaona tofauti. Jina likionekana na nenosiri sahihi likakataliwa, shusha ulinzi kutoka WPA3 hadi WPA2. Usiuondoe kabisa, maana majirani hawachelewi kugundua.

Kijana wa Stoo
Mimi niliachana na Wi-Fi, natumia waya wa USB, na simu inapata chaji humohumo badala ya kuzimika katikati ya kazi. Angalizo ni mawili: waya mwingine hupitisha chaji tu, na Windows huiona njia hii kama Ethernet, yaani mtandao wa waya, kwa hiyo swichi aliyoitaja Fundi inabidi iwashwe huko pia.

Mwalimu wa Zamu
Nawashukuru sana. Orodha imemuumbua mwizi: programu ya kuhifadhi mafaili imetumia GB 1.6 peke yake, ikipandisha video za mahafali nilizozihamisha Ijumaa kutoka kwenye simu hiyohiyo ili kuipunguzia mzigo. Swichi nimeiwasha. Kompyuta ya ofisini nitaijaribu Jumatatu kwa 2.4 GHz.