Mjadala: Watu wa miradi tulikuwa tunakula tu hela za mzungu?

Mwanzisha mada

Habari za jioni ndugu zangu. Wiki iliyopita kwenye kikao cha harusi hapa Majengo, Moshi, mzee mmoja ninayemheshimu alisema vijana wa miradi walizoea kula hela za mzungu, zimekauka, sasa wanahangaika. Akakumbusha kwamba Azimio la Arusha lilituonya tangu 1967 kuwa kutegemea misaada na mikopo ni kuuhatarisha uhuru wetu. Kikao kilikuwa cha michango, nikanyamaza. Lakini neno lile limenikaa, naomba tulijadili.

Nimefanya kazi kwenye miradi miaka 11, karibu yote upande wa VVU. Kazi yangu ilikuwa kufuatilia watoro, yaani watu walioacha kuja kliniki kuchukua dawa. Januari 20, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla mwezi haujaisha tulishapata barua ya kusimamisha kazi. Nikarudisha pikipiki, kompyuta na ufunguo wa kabati. Kitu kimoja nilikipeleka zahanati mwenyewe: daftari langu la mkono. Kila jina lina kitongoji chake, na pembeni nimeandika mambo ambayo hayamo kwenye fomu yoyote. "Mume hajui, usimpigie usiku." "Muulizie kwa dada yake muuza ndizi." "Ukifika na pikipiki yenye nembo hatoki." Nesi alikuwa peke yake, foleni ya akina mama na watoto imefika nje. Akafunua kurasa mbili, akaniuliza, "Kaka, hawa nitawafuata saa ngapi?"

Siyo kweli kwamba tulikuwa tunakula tu. Kuna watu wako hai leo kwa sababu mtu wa mradi alipanda mlima mara tatu kuwatafuta. Ila mzee ana hoja ambayo sisi wenyewe hatupendi kuisema. Mimi nilikuwa mtumishi wa halmashauri, afisa maendeleo wa kata. Niliacha kwa sababu mradi ulinipa zaidi ya mara mbili ya mshahara ule, na posho za safari juu yake. Nafasi yangu ilikaa wazi karibu miaka miwili. Halafu nikarudi kata ileile na gari jeupe, nikawafundisha waliobaki, kwenye semina ya siku tatu, namna ya kufanya kazi niliyoikimbia. Nikikumbuka hilo naumia.

Hoja yangu: mradi wowote wa huduma za wananchi usiajiri watu wake pembeni. Fedha ziingie kwenye ikama ya halmashauri, yaani orodha ya nafasi za watumishi zilizoidhinishwa, mtu alipwe kwa ngazi za serikali, abaki mradi ukiondoka. Nipingeni.

Mama wa Himo

Pole mwanangu kwa kazi. Nakupinga. Mimi nilianza dawa 2006 nikiwa na kilo 38. Aliyenikuta ndani akanipeleka kliniki alikuwa binti wa mradi, mkataba wake wa mwaka mmoja. Ule mpango wa Wamarekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianza 2003 na ulikuja kwa haraka, maana watu tulikuwa tunazikwa. Ungesubiri vibali vya ajira, wanangu watatu wangelelewa na bibi yao. Ya mishahara yenu yamalizeni huko, lakini usiniambie wangesubiri ikama.

Mkulima wa Mabogini

Salaam. Niongeze la huku chini. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi ilikamilika 1987 kwa msaada wa Wajapani: mifereji ya zege, mashamba yaliyosawazishwa, mbegu mpya ya mpunga. Mavuno yalipanda kweli, watu wamejenga na kusomesha. Wenzetu wa juu ya banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni, wakaona, nao wakaanza kulima mpunga, na mto Rau ni uleule. Maji yakapungua, mashamba ya ndani ya skimu yakakosa zamu. Wataalamu waliochora michoro walikuwa wameshapanda ndege. Wazee wetu kule mlimani wana mfongo, yaani mfereji wa jadi wa maji, na kila mfongo una wenyewe wanaojua leo ni zamu ya nani na anayeiba maji atozwe nini. Hilo hakuna mradi uliokuja kuwafundisha. Kilichosimama kwetu ni chuo cha kilimo cha KATC pale Chekereni, maafisa kilimo wanakuja kujifunza mpunga mpaka leo, kwa sababu walimu ni watumishi wa wizara. Kwa hiyo namuunga mkono mtoa mada.

Kijana wa Njiro, Arusha

Kaka zangu, tangu nimalize chuo huu ni mwaka wa tatu, nimeomba ajira serikalini mara nne. Mkisema miradi isiajiri pembeni, semeni pia nani atatuajiri sisi mwaka huu. Nikipata mkataba wa miezi sita kesho, naenda.

Mwanzisha mada

Shikamoo mama. Nimesoma maneno yako mara mbili, na naliondoa neno "wowote". Dharura ya watu wanaokufa ije na watu wake, hata kesho. Ninachouliza ni mwaka wa tano, wa kumi. Kutoka 2003 hadi 2025 ni miaka 22, na bado mimi nilikuwa kwenye mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Binti aliyekukuta ndani 2006 alitakiwa kufikia 2010 awe mtumishi wa kata yako. Hilo lilikuwa letu kulidai, na hatukulidai kwa sababu mkataba mfupi ulikuwa unalipa vizuri.

Mdogo wangu wa Njiro, nenda, usiache. Ila siku ya kwanza uliza kazi hiyo ni ya idara gani ya halmashauri, na kila unachojua kiandike kwenye kitabu chao, siyo chako. Mimi sikufanya hivyo. Jana nesi kanipigia kuuliza "G.A." pembeni ya jina moja ni nini. Ni gulio Alhamisi, ndiyo siku pekee mama yule anapatikana. Alikuwa ameshamfuata nyumbani Jumatatu tatu mfululizo.