Tupeane uzoefu: ulipoweka SSD kwenye laptop ya zamani, ulibaki Windows au ulihama?

Mleta mada, Kimara

Salaam wakuu. Naomba leo tupeane uzoefu wale tuliowahi kutoa diski ya zamani tukaweka SSD (diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka), na baada ya hapo kila mtu alichagua nini cha kuendeshea mashine yake. Natangulia mimi.

Mimi ni mwalimu. Laptop yangu ni Core i5 gen ya 6 (prosesa ya kizazi cha sita), RAM 8GB, niliinunua used. Asubuhi nikiiwasha naenda kuinjika chai, chai inachemka, nakunywa, nikirudi kale kaduara bado kanazunguka. Ukifungua Task Manager unakuta diski iko 100% na hapo hujafungua kitu chochote. Mafundi watatu kwa nyakati tofauti walinipigia Windows upya, kila mmoja anasema virusi hivyo mwalimu, wiki mbili hazipiti mambo ni yaleyale. Nikaanza kujichanga ninunue nyingine. Nipo Kariakoo naulizia bei, kijana mmoja akaniambia mwalimu hebu niione kwanza hiyo uliyonayo. Akafungua mfuniko wa chini, akaiwasha ikiwa wazi hivyohivyo, akasema weka sikio hapa. Tik, tik, kimya, halafu tik tena. Akaniambia kompyuta yako nzima kabisa mzee wangu, kinachokufa ni hii diski tu.

Tukawahi kuhamisha mafaili, akaniwekea SSD ya 256GB ya inchi 2.5. Sasa hivi inawaka sekunde ishirini hivi, nimepima kwa saa ya simu, na siku ya kwanza nimezima nimewasha kama mara nne kwa furaha tu.

Kilichobaki ni hiki: Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama ndani ya mashine), na kwa Intel ni kuanzia gen ya 8 kwenda juu, kwa hiyo yangu imekataliwa. Kuna njia za kuilazimisha ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi haina uhakika wa kupata apdeti. Nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, pembeni ya Windows, natungia mitihani kwenye LibreOffice (programu za bure mbadala wa Word na Excel) na naona inakwenda. Nyie mmefanyaje?

Fundi, Makumbusho

Mwalimu, huyo kijana alikufanyia uungwana. Watu wanadhani SSD ni kasi ya kukopi sinema. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaotembea juu yake kama sindano ya santuri, sasa Windows ikiwa inawaka inaomba vifaili vidogovidogo maelfu vilivyotawanyika, mkono unakimbia huku unarudi kule, ndiyo hiyo 100% uliyokuwa unaiona. SSD haina mkono. Na kwa laptop ya zamani hata SSD ya SATA, ile aina ya zamani ya kuunganisha diski, ambayo mwisho wa kasi yake ni kama MB 550 kwa sekunde, inatosha kabisa, msikubali kuambiwa bila NVMe, ile aina mpya yenye kasi zaidi, hujafanya kitu.

Hapo kwenye NVMe ndipo watu wanapoteza hela. Dada mmoja alikuja kwangu ameshanunua kabisa, mpya kwenye boksi, laptop yake tundu la M.2 (la SSD ndogo nyembamba) linalo ila linasoma SATA tu. Zinafanana umbo. Nyingi za NVMe zina pengo moja kwenye meno na nyingi za SATA zina mawili, lakini cha uhakika tafuta modeli ya laptop yako ujue inakubali ipi kabla hujatoa pesa mfukoni. Halafu zile za nje zinazoandikwa 16TB kwa bei ya chipsi kuku msiziguse jamani, ndani ni memori kadi ndogo imefundishwa kudanganya ukubwa wake, ikijaa uwezo wake halisi yanayoingia baada ya hapo yanaharibika. Mkiwa na wasiwasi ipimeni kwanza na programu ya H2testw kabla ya kuweka kitu cha maana.

Steshenari, Mwenge

Mimi nilihama moja kwa moja na sirudi. Kwa siku napokea flashi hata arobaini za wateja, na nusu yake zina kile kirusi kinachogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Kila mwezi nampigia fundi. Mwanangu akaniwekea Mint ya Xfce, ile nyepesi, maana mashine yangu ina RAM 4GB tu, tangu siku hiyo flashi ikija na kirusi nakiona kimekaa pale kama kifaili tu, nakifuta, naprinti, mteja anaondoka.

Kilichonisumbua ni Word. Mkaka alileta barua ya kuomba kazi na CV, nikaifungua kwenye LibreOffice, jedwali likahama na mstari wa sahihi ukaangukia ukurasa wa tatu peke yake. Anakimbilia usaili, jasho linamtoka, nimeirekebisha kwa mkono pale kwa pale. Siku hizi nimebandika karatasi mlangoni: LETE KAZI YAKO IKIWA PDF.

Mhasibu, Kigamboni

Mimi nilihama nikarudi. Programu ya mahesabu tunayotumia ofisini ni ya Windows peke yake, na Excel zetu zina makro (amri za kufanya kazi zenyewe) ambazo LibreOffice ilizisoma vibaya, nilikuja kugundua jumla haikai sawa saa tatu usiku na ripoti inatakiwa asubuhi. Nimebaki na Windows 10 nikajiandikisha kwenye zile apdeti za usalama za nyongeza ambazo kwa watumiaji wa kawaida zinakwenda mpaka 13 Oktoba 2026. Kabla hujahama andika programu zote unazotumia kupatia riziki, moja moja, ujue ipi inakubali na ipi haikubali.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho

Yangu ni ya Windows 11, SSD ilikuja nayo. Siku moja baada ya apdeti ya BIOS (programu ya kuwashia mashine) ikawaka na skrini ya bluu inaniomba namba 48 za BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski. Sikuwahi hata kusikia hilo neno. Kumbe diski ilikuwa imefungwa kwa siri na ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti yangu ya Microsoft, na akaunti niliifungulia kwa namba ya simu ambayo laini yake ilishapotea. Nilikaa kitandani nikalia. Sura tatu za tasnifu nilizipata kwa sababu nilishamtumia msimamizi kwa barua pepe, ya nne niliiandika upya yote. Ingieni kwenye akaunti zenu leo, nakilini hizo namba kwenye daftari.

Mdau, Mbezi

Naongezea kidogo tu. SSD haigongi tik tik kukuonya. Yangu umeme ulikatika nikiwa nafanya kazi, betri ya laptop ilikuwa imekufa zamani, umeme uliporudi diski haionekani hata kwenye BIOS. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya kwenye SSD usitegemee kulirudisha kama kwenye diski ya sahani, TRIM (amri ya kuiambia SSD isafishe yaliyofutwa) ikishapita vile vyumba vimesafishwa. Picha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa humo.

Mleta mada, Kimara

Pole sana ndugu wa Mbezi. Nimesoma hii nikiwa na ile diski yangu ya tik tik mezani, nilikuwa naiwekea kasha la USB eti iwe ya bakapu. Kesho nikitoka kazini napita kununua nyingine nzima. Fundi wa Makumbusho, ya 1TB ya sahani inafaa kwa kazi hiyo au niende SSD moja kwa moja?